Sauti Niliyokataa Kuiitikia Msituni

Asalaam aleikum. Wenzangu wa kanisani, hamjambo? Mtaniwia radhi nikizungumza nimekaa. Mguu huu haupendi hotuba.

Nyote hapa mnaongoza wageni, kwa hivyo sitaeleza mengi. Tulikuwa tukishuka na wageni wawili kwa miguu, mabegi mgongoni, kutoka vilima vya Shimba hadi ufuoni Msambweni. Mwenzangu kazini alikuwa mama mmoja wa Kinango. Alasiri tukapumzika, nami nikaenda peke yangu kutafuta maji. Nikakanyaga jiwe likateleza, nikaporomoka korongoni. Mguu ukavunjika, nikazirai.

Nilipozindukana nilisikia jina langu likiitwa, mara moja, karibu kabisa. Sikuitika.

Ndugu zangu, nawaona mnaotikisa vichwa. Mlilelewa kama mimi. Bibi yangu alinifunza: msituni ukiitwa mara moja ukaitika, umemjibu jini. Subiri mara ya tatu. Lakini yule mama aliita mara moja, akasikiliza, akasogea mbele, kama afanyavyo mtu yeyote anayetafuta. Sauti ikazidi kwenda mbali. Nikajua nitafia pale, tena kwa adabu njema. Niliogopa sana, na bado nilifumba mdomo.

Kilichoniokoa ni hasira zake. Aliacha kuniita, akaanza kunisema kwa kelele zilizofika mpaka korongoni.

"Wewe mwanamume! Umeniachia wageni wasiojua hata kukoka moto, na kiberiti umekwenda nacho! Kama umekufa, si ungetuarifu!"

Nikapapasa mfukoni. Kiberiti kilikuwamo. Nikawaza, jini gani huyu mwenye shida ya kiberiti? Nikapaza sauti: "Niko huku, mama!"

"Huku wapi? Hapo si nimepita nikiita?"

"Nilikusikia."

Akashuka korongoni akizidi kunisema. Yuko pale nyuma leo, na hajanisamehe bado.

Yeye na wageni walinibeba kwa machela ya matawi na kanga mpaka barabarani. Nyumbani mke wangu aliniogesha kama mtoto. Niliona haya, nikalia. Nanyi mlikuwa mkija kwangu Waa kila Ijumaa, mkinitembeza uani huku mkinicheka, mpaka nikaacha mkongojo. Ahsanteni. Mwenyezi Mungu awalipe.

Langu ni hili tu. Ukianguka, itikia sauti ya kwanza. Ikiwa ni jini, mtajuana hukohuko. Ikiwa ni mtu, huenda asirudi kukuita.