Nati ya Milimita Nane

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi Boaz Mosoti wa Migori. Alifariki Jumanne iliyopita kwa maradhi ya figo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa. Atazikwa Jumapili hii nyumbani kwake, nje kidogo ya mji wa Migori. Ameacha mjane, Mellen Moraa, na mwana mmoja, Levis, ambaye sasa ndiye mwenye gereji.

Kipindi hiki huwa cha kusema mazuri ya marehemu. Leo yapo mazuri, na yapo mengine. Hayo mengine ameyaleta mjane mwenyewe hapa studioni, ndani ya mkebe wa rangi ya viatu. Kama uko jikoni, punguza moto uketi.

Boaz Mosoti alizaliwa Suneka. Akiwa kijana alifanya kazi Homa Bay, kwenye gereji ya Mhindi mmoja aliyetengeneza magari ya Kiingereza ya zamani. Hapo ndipo alipojifunza vipimo vya inchi. Mwaka wa themanini na tatu alifungua gereji yake Migori. Alikuja na mkoba wa spana za inchi, zimefungwa kwa gunia lenye mafuta, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa. Mellen anasema hata yeye alikatazwa. "Nilimzalia mtoto," anasema, "lakini ule mkoba sikuwahi kuufungua."

Sasa tumlete mtu wa pili, kwa sababu bila yeye habari hii haipo. Ni Mwalimu Willis Ogalo wa Rangwe. Mwalimu alinunua gari kwa mhandisi wa Kiingereza aliyekuwa anarudi kwao. Gari dogo la michezo, la kijani, la mwaka wa sitini na nne. Viti viwili na paa la turubai. Watu walimcheka. Walimuuliza mahindi atayaweka wapi.

Mtu pekee aliyeliweza gari lile alikuwa Boaz. Betri yake ilifungwa kinyume na magari mengine yote: waya wa chanya ndio ulioshikana na bodi. Fundi mwingine alipofunga kama alivyozoea, alichoma nyaya. Boaz akaandika kwa rangi nyekundu chini ya boneti: GARI HILI LIMEVAA SHATI NDANI NJE. Kulikuwa na kabureta mbili, na zilipaswa kuvuta hewa sawasawa. Boaz alizipima kwa kipande cha mpira wa maji, ncha moja kwenye kabureta, nyingine sikioni. Angeweza kukaa hivyo saa nzima, macho ameyafumba. Mellen alipomletea chai alimwambia kama yeye angesikilizwa hivyo, nyumba yao ingekuwa na amani.

Kwa miaka ishirini Mwalimu alileta gari Migori na Boaz akalitengeneza. Wote wawili walikuwa Waadventista. Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa kwao Rangwe. Walikula pamoja, wakaombeana, wakataniana. Mmoja Mjaluo, mmoja Mkisii, na utani wa makabila haya jirani mnaujua.

Kuna jambo moja Boaz aliwafundisha mafundi wote waliopita kwake. Levis analijua kwa moyo. Bolti ya inchi na nati ya milimita zinaweza kuonekana sawa. Kuna bolti moja ya inchi ambayo unene wake ni kama wa milimita nane. Ukizitazama hutaona tofauti. Lakini nyuzi zake hazilingani. Nati itaingia mzunguko wa kwanza, itaingia wa pili, halafu itakuwa ngumu. Asiyejua atasema imekaza. Haijakaza, inakata nyuzi, na siku moja itaachia. Fundi kijana akisema ni karibu sawa, Boaz alimuuliza, "Mtu akiwa karibu kufika Homa Bay, amefika?"

Shikeni hilo, wasikilizaji.

Miaka kumi na tano iliyopita, siku ya Ijumaa, Mwalimu Willis alikuja kuchukua gari. Alikuwa na mkewe, Mama Beverlyne. Usukani ulikuwa umefunguliwa na kufungwa upya. Ilikuwa imebaki bolti moja tu, ile inayobana kiungo cha usukani. Boaz alipokuwa akiikaza, nati yake ikapasuka. Ilikuwa ya inchi. Alitafuta nyingine kwenye mkebe wake, saizi ile imekwisha. Ya karibu ilikuwa Kisii.

Ilikuwa saa kumi na nusu jioni. Kwa Waadventista, Sabato huanza jua la Ijumaa linapozama. Mwalimu alipaswa kuhubiri kesho yake. Alisimama mlangoni akitazama jua na saa. Hakumharakisha, Mellen anakumbuka vizuri, alisimama tu.

Boaz akachukua nati ya milimita nane. Ikaingia mzunguko wa kwanza, ikaingia wa pili, ikawa ngumu. Akashusha boneti. Akampa Mwalimu chupa ya spiriti ya kusafishia kabureta, aende akazipanguse nyumbani baada ya Sabato. Wakaagana.

Walipita Rongo salama. Kwenye kona ya mwisho kabla ya Rangwe, Mwalimu alikata usukani na magurudumu hayakukata. Gari likaingia mtaroni, likagonga jiwe. Mwalimu alitoka na michubuko. Mama Beverlyne alivunjika nyonga. Anatembea na mkongojo mpaka leo.

Na ile chupa ya spiriti ikavunjika ndani ya gari. Waliokuja kuwaokoa walikuta mzee wa kanisa, gari la michezo, na harufu kali. Kabla jua halijazama, Rangwe nzima ilijua kwamba Mwalimu alikuwa amelewa.

Mwalimu alisema usukani ulikataa. Alisema harufu ni ya spiriti. Lakini kila mlevi ana maelezo.

Jumapili Boaz alikwenda kulivuta gari. Alipofungua boneti aliona kiungo cha usukani kimeachana. Bolti ilikuwa imechomoka. Nati aliikuta imekwama kwenye matope juu ya fremu, nyuzi zake zimechunika kama maganda. Akaitia mfukoni.

Jumanne wazee wa kanisa la Mwalimu walikuja Migori kumuuliza fundi. Walikuwa watatu, walikuja kwa heshima. Walimuuliza kama usukani ulikuwa na hitilafu. Boaz Mosoti aliwajibu, na Mellen alisikia kutoka jikoni: "Gari nililiachilia likiwa sawa."

Wasikilizaji, tuseme tena ili isichanganywe. Usukani uliachia kwa sababu ya nati ya fundi. Fundi alijua. Fundi alisema gari lilikuwa sawa.

Mwalimu Willis alivuliwa uzee wa kanisa mwezi huo. Hakuhubiri tena.

Tangu hapo Boaz alilitengeneza lile gari bure. Hakuna aliyemwomba. Mwalimu alituma neno kwamba auze vyuma, yeye halitaki tena. Boaz hakuuza. Aligonga bodi kwa nyundo ya mpira, inchi kwa inchi. Alinyoosha fremu. Aliagiza vipuri ng'ambo, vikachukua miezi. Alishona viti upya kwa mkono. Miaka kumi na moja. Watu waliopita gereji walimsifu, wakasema hivyo ndivyo rafiki wa kweli anavyokuwa. "Wakianza kumsifu," Mellen anasema, "alikuwa anatoka nje. Mimi nilidhani ni unyenyekevu."

Gari lilikamilika. Lilikaa gerejini chini ya turubai. Boaz aliliwasha kila Jumapili na kusikiliza kabureta zake. Hakulipeleka Rangwe. Mara tatu alivaa koti aende, mara tatu alilivua.

Februari mwaka huu, figo zilipomshinda, alimwambia Mellen alete ule mkebe wa rangi ya viatu ulio dirishani gerejini. Mellen alikuwa ameupangusa vumbi miaka yote hiyo. Ndani mlikuwa na nati. Akamweleza yote. Mellen alimuuliza kwa nini asimwite Mwalimu amwambie. Boaz alisema kumwambia Mwalimu haitoshi, Mwalimu anajua hakulewa. Waliodanganywa ni wengine. Akasema akifa isemwe redioni, kwa jina lake, Rangwe wasikie.

Sisi tunasema, angemwita pia. Miezi ilikuwepo na simu ilikuwepo. Hakumwita.

Alipofariki, nyumba ikagawanyika. Levis alikataa kabisa. Gereji ina jina la baba yake mlangoni na watoto wanne wanakula hapo. Alimuuliza mama yake, "Nani ataleta gari kwa Mosoti akisikia hivi?"

Mellen alimjibu, "Sijui. Lakini Beverlyne anatembea na mkongojo."

Levis alirudi gerejini. Kesho yake alikuja kumuuliza ataenda Rangwe na nani.

Maana tulimwambia Mellen kwamba hatutatangaza neno moja kabla familia ya Mwalimu haijaambiwa uso kwa uso. Kwa hiyo Alhamisi Mellen alipanda gari kwenda Rangwe, mjane wa siku mbili, mkebe ndani ya mkoba. Levis alikwenda naye. Aliyoyakuta kule tunayasema kwa ruhusa ya wenyewe.

Mama Beverlyne alifungua mlango. Alisema, "Nyar Kisii, pole. Keti." Nyar Kisii ni binti wa Kisii, ndivyo alivyomwita zamani walipokuwa marafiki. Mellen hakuketi. Alisema hataketi mpaka amalize, kwa sababu akiketi atalia, na hakuja kulia. Akaeleza akiwa amesimama. Akafungua mkebe.

Mwalimu Willis ana miaka sabini na minane. Alichukua nati akaigeuza kiganjani, akaitazama kwenye mwanga. Aliyesema ni mkewe, na hakusema na Mellen.

"Kwa hivyo ile siku hukuwa umekunywa."

"Nilikwambia," Mwalimu akasema.

"Uliniambia mara moja."

"Ningekwambia mara ngapi, Beverlyne?"

Mellen anasema hapo ndipo alipoketi bila kupenda. Hakujua kwamba hata ndani ya nyumba ile Mwalimu hakuaminiwa. Mama Beverlyne alifunika uso kwa leso. Miaka kumi na tano alimpikia mume huku yeye akiamini kwamba mume huyo ndiye aliyemvunja nyonga kwa pombe. Alimsamehe kila asubuhi, anasema, na kila asubuhi alimwonyesha kwamba amemsamehe.

Levis akasema gari liko tayari, ni la Mwalimu, atalileta akitaka. Mwalimu akamuuliza swali moja: nati iliyoko sasa kwenye usukani ni ya nini?

"Ya inchi," Levis akasema. "Nilifungua jana nikaangalia mwenyewe."

"Baba yako nilimpenda," Mwalimu akasema. "Mambo ya kusamehe, bado. Kumzika nitakuja."

Nati alibaki nayo. Mellen akatuletea mkebe mtupu. Uko hapa mezani.

Kwa Mama Mellen Moraa, kwa Levis na watoto, poleni sana. Mungu awatie nguvu Jumapili na siku zitakazofuata, maana hizo ndizo ngumu. Kwa Mwalimu Willis Ogalo na Mama Beverlyne, poleni pia. Mlifiwa na kitu miaka kumi na tano iliyopita na hakuna aliyekuja kuwapa pole.

Boaz Mosoti alikuwa fundi hodari. Alidanganya mara moja, kwa sentensi moja. Sentensi yenyewe ilitiwa nguvu na sisi tulioirudia sokoni, kwenye bodaboda, nje ya kanisa.

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa wa Rangwe, la kutafakari leo ni fupi. Kama uliwahi kusema Mwalimu Willis alikuwa amelewa, sasa umesikia. Nyumba yake unaijua.