Jina la Kheri kwenye Mashine

Baraza ya Abdulwahab hapa Ukunda ina benchi moja, dele moja la kahawa, na mashine kuukuu ya gemu aliyoinunua hoteli fulani ya Galu ilipofungwa. Ndani ya gemu hiyo wewe ni polisi wa doria: unaendesha gari, unakimbiza wakosaji, na usipofikisha idadi kabla ya zamu kuisha bosi anakufokea. Ukimgonga au kumkamata asiye na kosa, unakatwa pointi. Jana Kheri wa bodaboda aliicheza tangu alasiri mpaka magharibi, akavunja rekodi, jina lake likapanda juu kabisa. Usiku polisi wakamtoa kwake. Eti alasiri hiyo hiyo alimpora mzungu mkoba ufuoni Galu.

Asubuhi tukakutana kumwokoa. Yaani, tukaagiza kahawa.

Jefwa, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kufagia mahakamani, alishika hoja kwanza. Kwake yeye mashine ile ni ya polisi wenyewe, ndiyo wanayofundishiwa.

— Kila wikendi lori lao la washukiwa lazima lijae, sawasawa na kwenye gemu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Hakuna aliyeuliza tembo limeingiaje. Boga, yaani Kamanda, askari wa geti aliyefutwa kwa kusinzia, akaona hilo dogo. Mashine ina waya, akasema, na jina la juu hupelekwa stesheni moja kwa moja.

— Mbona hawakumkamata Wakili, anayegonga nguzo kila raundi? akauliza Abdulwahab.

— Mimi nagonga kwa mkakati.

— Vyaelea, vimeundwa. Hiyo imeundwa Nairobi, akasema Kamanda.

Mimi nina digrii ya criminology. Nikawaambia, wazee, be serious, kitu chenyewe hakina hata intaneti, kimetengenezwa kabla sijazaliwa. Kamanda akataka kujua kama digrii yangu imewahi kukamata hata kuku. Benchi likacheka, na azimio likapita: tuvunje rekodi ya Kheri, jina lake lishuke, na likifutika hapa litafutika na kule. Nikasema that makes zero sense, kisha nikapanga foleni.

Wakili akagonga nguzo. Kamanda akamkamata mpita njia asiye na hatia, akakatwa pointi, akaitukana mashine kwamba haijui kazi.

Hapo akaja Hafsa, mkewe Kheri, ametoka stesheni na chupa ya chai waliyomkatalia kumpa mumewe. Tulimwitikia salamu vizuri, tukampa pole, na Kamanda akamweleza mpango wetu. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Jana alasiri mlikuwa naye hapa?

— Sote, shemeji, akasema Wakili. Hakunyanyuka hata mara moja.

— Mkuu wao amesema akija mtu aliyemwona, atamwachilia. Basi nani ananifuata?

Abdulwahab aliinamisha dele; likatoa tone. Wakili akakumbuka kwamba kitambulisho chake kiko Kinango. Kamanda akasema uso wake pale wanaujua, watamwongeza na yeye kwenye lori. Mimi nikaikodolea macho simu yangu, ambayo ilikuwa imezima.

Hafsa akajitanda leso, akavuka barabara peke yake.

Tulimsindikiza kwa macho, kwa heshima. Kisha Kamanda akauliza ni zamu ya nani kwenye mashine.

Ilikuwa yangu.