Kishimo cha Maji

Mpwa wa marehemu alipokuwa na miaka saba alipelekwa maabara, akamkuta shangazi yake akidondosha maji safi kwenye kishimo kimoja cha kisahani cha vipimo. "Shangazi, mbona unapima maji, na unajua hayana kitu?" Marehemu akacheka. "Una maswali wewe! Haya, usiguse meza."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa pili wa fundi cherehani. Baada ya sekondari ya wasichana, alihitimu ufundi wa maabara mwaka 1986.

Kwa miaka thelathini na saba, katika hospitali ileile, alitafuta virusi kwenye choo cha watoto wanaoharisha, kilicholetwa kwenye vikopo. Alikikoroga kwenye dawa, akakidondosha kwenye vishimo, akaosha, akasubiri. Penye virusi paligeuka manjano. Mtaani walimwita Bi Vikopo, na kwenye shughuli, sahani aliyopakua yeye ilibaki mezani. "Umenawa kweli, wifi?" "Nimenawa mpaka alama za vidole zimenikimbia!" Alicheka peke yake.

Alichumbiwa na fundi mwenzake. Asubuhi ya tarehe 14 Juni 1996, kishimo cha maji nacho kiligeuka manjano. Mchumba ndiye aliyeosha kisahani, harakaharaka, dawa ikabaki vishimoni, na majibu yalikuwa yameshafika wodini. Watoto kumi na mmoja walikuwa wanahamishiwa chumba cha wenye virusi.

"Ni maji tu," mchumba alisema. "Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua."

Akaenda kwa mkuu wa maabara, vipimo vikarudiwa vyote. Watoto tisa hawakuwa na virusi. Harusi haikufanyika, na gauni lililoshonwa na baba yake lilikaa kabatini hadi wiki hii.

Aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho mwezi Februari. Wodini kiti cha wageni kilikaliwa na mpwa wake tu, akitoka shule na sare yake. Alifariki tarehe 3 Oktoba 2024, saa kumi alasiri.

Ameacha kaka mmoja, wifi mmoja na mpwa huyo mmoja. Alale salama, mikono yake imemaliza kunawa.

Siku mbili kabla hajafariki, alifumbua macho, akamwambia mpwa kana kwamba ameulizwa jana: "Yale maji, mwanangu. Lazima kishimo kimoja kibaki hakina kitu, ndipo vingine viaminike. Nayo ni kazi."