Dada Yetu, Mlezi wa Walimu Wapya

Ndugu, jamaa, majirani na walimu mliokuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada, ambaye mwenyewe, akiwa kitandani, alinionya nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa hiyo nitasema kama alivyotaka yasemwe.

Dada alizaliwa tarehe 9 Februari 1958, mtoto wa pili wa fundi saa na mkunga, akaanza shule ya msingi ng'ambo ya reli mwaka 1965, akaendelea na sekondari ya bweni, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu Novemba 1979 kwa somo la hesabu, na Januari iliyofuata akaajiriwa katika shule ambayo hakuihama mpaka alipostaafu. Mwaka 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, ambao mnawaona hapa mbele.

Mwaka 1991 mkuu wa shule alimkabidhi mwalimu mpya wa hesabu, binti aliyetoka chuoni moja kwa moja, amlee mpaka azoee, naye dada, kwa maneno yake mwenyewe, alimpokea kama mtu aliyeongezewa mzigo juu ya mzigo, akamwonyesha kabati, ratiba na choo, basi. Binti alipomfuata kumweleza kuwa darasa halitulii na usingizi haumjii, dada alimjibu, "Utazoea, sote tulipitia huko." Siku ya Ijumaa, mwezi Juni, akipita kwenye korido alisikia kelele, akaingia bila hodi, akakuta hesabu ya sehemu imekosewa ubaoni, akamnyang'anya binti yule chaki na kumwambia mbele ya wanafunzi, "Nenda kakae nyuma na wenzako, nikufundishe na wewe." Darasa liliangua kicheko, binti akaenda akakaa kweli, dawati la mwisho, mpaka kengele ikalia, na Jumatatu hakuonekana shuleni.

Mwanzoni dada alijitetea kwamba ualimu hautaki walegevu, lakini alipokwenda kumtafuta alikopanga, mama mwenye nyumba alimwambia kuwa mpangaji wake ameshahama, na kwamba kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikuwa akitapika kwa woga, jambo ambalo dada, aliyekaa naye meza moja tangu Januari, hakuwa na habari nalo. Shemeji anasema usiku ule hakugusa chakula, na alipoulizwa ana nini alijibu tu, "Nimemvunja mtoto wa mtu."

Tangu hapo aliomba mwenyewe apewe kila mwalimu mgeni, akawatafutia vyumba vyenye majirani wema, akawafundisha kumwambia mwanafunzi "sijui, nitakujibu kesho" bila kuona haya, akawa haingii darasani mwao mpaka waalikwe, na kosa akalisemea nje, wawili peke yao, baada ya kusifu kwanza lililokwenda vizuri. Aliwaambia vumbi la chaki na umbeya wa ofisini vyote hukung'utwa getini, mtu asiende navyo nyumbani. Mwaka 2009 alipoteuliwa kupewa tuzo ya mlezi bora wa walimu, aliikataa, nasi sote tukadhani ni unyenyekevu, kumbe ni aibu.

Alistaafu mwaka 2018, na miaka mitatu baadaye, alipokwenda kukata kioo cha dirisha, alimkuta mwenye duka ni yule binti, sasa mama mtu mzima, ambaye alimtambua kabla hajafungua mdomo. Dada alisubiri wateja watoke, akarudishia mlango, akamwomba radhi huku analia, na yule mama, bila kuinua macho kutoka kwenye kioo alichokuwa akikipima, akamjibu, "Mwalimu, mimi sikuchukii, lakini ulinidhalilisha mbele ya watu, leo unaniomba msamaha mlango umefungwa." Dada alirudi nyumbani bila kioo, akatusimulia yote kwa mara ya kwanza, akasema, "Hajakosea hata neno."

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara kwa mara, na katika siku zake za mwisho aliniagiza jambo moja, kwamba mkikusanyika wengi kama hivi, nisimame niseme kwa sauti kuwa yule mwalimu hakuwa mjinga wala mlegevu, alikuwa mgeni aliyehitaji mtu, na aliyepaswa kuwa mtu huyo ni dada yetu, akashindwa, na anaomba radhi mbele za watu. Nilimpigia yule mama simu juzi kumpa taarifa ya msiba, akasema, "Nimesikia," na kama yupo hapa hatumdai jibu lolote.

Dada alifariki asubuhi ya tarehe 14 Agosti 2023, mikononi mwa binti yake mkubwa. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliopokezana kukesha naye, na walimu wenzake, hasa ninyi mliopitia mikononi mwake, mlioacha madarasa yenu mkaja kumbeba. Kawatazameni wageni wenu wa mwaka huu, muwaulize wamelalaje.

Pumzika kwa amani, dada, tumeshasema ulichotutuma.