Mwalimu Ngendo na Panzi wa Kalumoni

Mchungaji wetu, wazee wa Gatanga na wa Kalumoni, walimu, majirani wa Kiuu na nyote mliofika, naitwa Ndanu, mimi ndiye kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Mwalimu Idah Ngendo Muli, kama alivyoyaishi.

Mama alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957 huko Gatanga juu, karibu na msitu, akiwa mtoto wa tano wa marehemu mzee Wanyoike na marehemu nyanya yetu, shosho Wanjiku, na kwa kuwa shamba lao lilipakana na miti, alikua akiwashika panzi wa kijani wasio na mabawa waliojaa vichakani, akiwaficha katika mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, tabia ambayo shosho aliichukia na hakufaulu kuikomesha. Alianza darasa la kwanza mwaka 1964, familia ikahamia Thika mwaka 1968 baba yake alipopata kazi kiwandani, wakapanga chumba katika mtaa wa Kiandutu, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1970, akasoma sekondari hadi 1976, kisha akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1979 katika bayolojia na kemia. Januari 1980 aliajiriwa katika shule ya sekondari ya wasichana hapa Ruiru, akafundisha hapo miaka thelathini na saba bila kuomba uhamisho, hadi alipostaafu Agosti 2017.

Mwaka 1981 alikutana na baba yetu, Joseph Muli Nzioki, fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo Thika, mzaliwa wa Kalumoni, ng'ambo ya mto Athi, na siku wazee wa pande zote mbili walipokutana kwa ruracio, yaani mazungumzo ya mahari, baba mkubwa wa Mama, mzee Mburu, alisimama akasema Mkikuyu na Mkamba hawafai kuchanganywa, akamgeukia Mama na kumuuliza, "Si ni wewe unafundisha watoto wetu kwamba kila mnyama ana aina yake?" Desturi ilimtaka anyamaze, lakini alijibu kwa heshima, "Ni mimi, baba. Ninafundisha pia kwamba viumbe huwa aina mbili wakikosa kukutana miaka mingi sana. Sisi na watu wa Kalumoni tunauziana maharagwe kila siku ya soko." Wazee walicheka, mzee Mburu akaketi, mazungumzo yakaendelea, na harusi ikafungwa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1982 kanisani Thika. Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi mwaka 1984, Kaleli mwaka 1987 na Shiko mwaka 1991, na wajukuu watano.

Aprili 1983, akiwa bado bibi arusi mgeni, alipanda kilima cha Kalumoni na mawifi zake kutafuta kuni, na huko juu, penye kipande cha msitu kisichozidi mashamba machache, akakuta panzi wasio na mabawa, karibu sawa kabisa na wale wa utotoni mwake. Aliacha kuni akakaa chini kuwatazama, akaona kwamba dume wa Gatanga humbembeleza jike kwa kupiga mguu mara mbili haraka, na huyu wa Kalumoni anauburuta mguu polepole, mara moja tu. Mawifi zake walirudi nyumbani wakasema Muli ameoa mwanamke anayezungumza na wadudu.

Sisi watoto tulielezwa jambo hili mezani mpaka tukalijua kama sala, kwamba zamani mvua ilikuwa nyingi na msitu ulianzia milima ya Nyandarua, juu ya Gatanga, hadi Kalumoni, na panzi hao walikuwa ukoo mmoja, kisha ukame ukaja, msitu ukarudi nyuma hadi kwenye vilele, katikati pakabaki uwanda wa nyasi na jua kali ambao mdudu asiye na mabawa hawezi kuuvuka. Tangu hapo kila upande ulirithishana mabadiliko yake madogo ya vinasaba, ambayo upande wa pili haukuyapata, kizazi kwa kizazi, maelfu ya miaka, hadi wakawa hawatambuani tena. Mama aliamini hivyo, lakini alitaka ushahidi.

Baba alimtengenezea vizimba vya mbao na neti katika nyumba yetu ya kupanga Kiuu, Mama akawaoanisha panzi wa pande mbili, mayai ya mchanganyiko hayakuanguliwa hata moja, na mwaka 1997 jarida moja la wanasayansi likachapisha matokeo yake, yeye aliye mwalimu wa sekondari tu, shule nzima ikashangilia. Mwaka 1999, akipanga upya jikoni, aligundua kwamba mikebe ya mayai ya mchanganyiko ilikuwa imekaa miaka yote kwenye rafu iliyo juu ya jiko, na ile ya mayai yasiyochanganywa, yaliyoanguliwa, kwenye kona yenye baridi, kwa hiyo huenda mayai yaliuawa na joto tu. Alilia siku ile, nami nilimwona. Mwalimu mwenzake na rafiki yake, Emmah, aliye hapa leo na aliyeniruhusu kulisema hili, alimshauri anyamaze kwa kuwa hakuna ambaye angejua. Mama akamwambia, "Mimi nimeshajua, Emmah," na juma lile akaliandikia jarida kuomba makala yake iondolewe.

Kuna waliomcheka, mtaalamu mmoja akaandika kwamba tofauti ya panzi hao ni ya chakula tu, lakini Mama akaanza upya akiwa na miaka arobaini na miwili, mikebe yote rafu moja, chakula kimoja, na kila likizo alipanda Kalumoni na Gatanga kuleta panzi wengine. Alimaliza mwaka 2006. Katika mayai mia tatu na kumi na mawili ya mchanganyiko yalianguliwa tisa tu, na panzi hao tisa walipokua hawakuzaa. Mwaka 2011 mwanafunzi wa mwanafunzi wake, Daktari Muriithi, alisoma vinasaba vya panzi hao maabarani akathibitisha kwamba ni aina mbili, na mwaka 2013 panzi wa Kalumoni akapewa jina la kitaalamu lenye neno Ngendo ndani yake. Alipoulizwa kama anakubali, hakujifanya mnyenyekevu, alisema ameifanyia kazi heshima hiyo na anaipokea.

Baba alitutangulia mwaka 2019. Mama alianza kuugua figo Juni 2023, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, akiwasahihishia wauguzi wanafunzi vitabu vyao kitandani, hadi hali ilipozidi Januari mwaka huu, akapumzika Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, nikiwa nimemshika mkono. Siku mbili kabla aliniagiza kuhusu karatasi hii, akasema, "Usiwaambie nilikuwa mvumilivu. Waambie nilikosea, nikarudia, nikapata." Nimewaambia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kiuu waliovumilia wadudu wetu na baadaye wakatuletea uji hospitalini, walimu wenzake, wanafunzi wake wa miaka yote, na kanisa.

Mama, kazi imekamilika na ni sahihi, pumzika sasa kwa amani.