Ndizi za Pambo

MPWA: Haloo, kitalu cha miche hapa. Nani mwenzangu?

SHANGAZI: Shangazi yako. Usijifanye mtu wa ofisi.

MPWA: Shikamoo, shangazi. Sauti inakatika, nilidhani mteja—

SHANGAZI: Marahaba. Ule mgomba ulioniletea umetoa ua. Jekundu, lina midomo midomo. Ndizi ziko wapi?

MPWA: Ndizi?

SHANGAZI: Miaka mitatu nabeba ndoo, mgongo umekwisha. Ndizi!

MPWA: Si nilikwambia siku ile? Ule ni mgomba wa pambo.

SHANGAZI: Ndiyo. Ndizi za Pambo. Mtaa mzima nimewaambia hakuna ndizi tamu kama Pambo.

MPWA: (anacheka) Pambo la kupamba, shangazi. La kutazamwa. Hauzai kitu cha kula.

(Simu inakwaruza.)

MPWA: Haloo? Upo?

SHANGAZI: Nipo. Umenimaliza.

MPWA: Si ukate maua uweke mezani—

SHANGAZI: Fundi saa anakuja leo saa kumi. Nilimwahidi mkungu wa kwanza.

MPWA: Fundi saa yupi?

SHANGAZI: Jirani, yule aliyefiwa na mkewe. Kila Ijumaa anapita: "Mama, Pambo zimefikia wapi?" Tunautazama mgomba, anakunywa chai, anaondoka. Akijua hakuna ndizi, atakuja kufuata nini? Ijumaa ndiyo siku pekee meza yangu ina vikombe viwili.

MPWA: Mrefu? Miwani imefungwa uzi?

SHANGAZI: Huyo huyo. Umemjuaje?

MPWA: Shangazi... alinunua mche kama wako hapahapa, mwaka juzi. Nilimweleza mwenyewe.

SHANGAZI: Anajua hauzai?

MPWA: Kukushinda wewe. Wake umeshatoa maua mara mbili.

SHANGAZI: Toka mwaka juzi?

MPWA: Na kila Ijumaa, umesema?

SHANGAZI: Mwongo mkubwa yule.

MPWA: Unacheka, shangazi?

SHANGAZI: Nani anacheka? Niletee mche mwingine.

MPWA: Wa kuzaa?

SHANGAZI: Nani kakwambia wa kuzaa? Wa Pambo. Halafu— sikia, hodi hiyo. Na saa tisa haijafika!

MPWA: Fundi saa mzima, hajui saa?

SHANGAZI: Nyamaza. Kioo changu kiko— salio linakwisha, kwaheri. Karibu, baba, karibu ndani! Pambo? Aa, bado kidogo tu. Pita tena Ijumaa, zitakuwa zime—

(Simu imekatika.)