Fungu la Wa Juu

Benchi la kijiwe cha Mzee Stambuli ni taruma la reli, na lina heshima zake: limesikiliza kesi ambazo hakimu angezikimbia. Asubuhi hiyo, katika ukame huu ambao Mto Ngerengere umebaki mchanga na vijana wanachezea mpira humo, kesi ilikuwa beseni la figiri miguuni pa Athanas. Figiri ilikuwa mbichi, imesimama, na Athanas aliringa nayo waziwazi. Alikuwa ameimwagilia kwa majitaka ya mji, yale yanayopita bwawa baada ya bwawa yakisafishwa, hadi bwawa la mwisho wanakoyapima wataalamu. Ila leo roho ilikuwa juu. Mama yake mkubwa, Bernadeta, alikuwa anateremka kutoka milimani na mbegu ya figiri ya ukoo wao. Mfereji wa kule ulikuwa umekauka, na mbegu imeshakosa kupandwa misimu miwili. Ikikosa wa tatu, haioti tena. Alitaka kumkabidhi Athanas, na hakujua bado anamwagilia maji gani.

— Umemwambia? aliuliza Stambuli, akimimina kahawa.

— Nitamwambia akifika.

— Ukishindwa, sisi tupo, alisema Yusuph, fundi pikipiki ambaye kijiweni anaitwa Spana. Mimi hiyo mboga siigusi. Maji yametoka bafuni kwa watu. Ukiichemsha inatoa povu.

— Umeliona hilo povu?

— Nitalionaje na mimi siigusi?

— Povu dogo hilo, alisema Deogratias, aliyegombea udiwani mara mbili akaambulia jina la Mheshimiwa. Kazi ipo kwenye tabia. Maji yanabeba tabia ya mtu, nyie. Mwenye nyumba wangu anaoga, Athanas anamwagilia, mimi nakula. Kesho naamka nimenuna, nagonga milango ya wapangaji wenzangu.

— Ndiyo maana, alisema Spana, akijipiga goti. Mke wangu wiki nzima anakoroma. Hajawahi. Anayekoroma mtaani kwetu ni jirani.

— Umeona sasa? Dawa ni kila mtaa kuwa na bomba lake. Wakorofi lao, wastaarabu lao. Na mboga sokoni itangazwe imetoka kwa kina nani.

— Na wewe tutakuweka bomba gani, Mheshimiwa?

Walicheka, na Athanas akacheka nao, mpaka kicheko kikamwishia.

— Sasa nisikilizeni, alisema. Mimi navaa buti na glovu. Maji yanapita chini kwenye udongo, jani haliguswi. Siku za kuvuna zikikaribia nafunga maji. Mboga inaoshwa, inapikwa ikaiva. Mlima mzima umekauka, na mimi nina kijani. Nione aibu ya nini?

Ukweli ni kwamba alikuwa na haki ya kuringa, na hata Spana alilijua hilo.

Bernadeta akatokea upande wa stendi, kibuyu kidogo cha mbegu amekifunga kwenye pindo la khanga.

— Shikamoo, mama mkubwa.

— Marahaba, mwanangu. Marahaba na nyie.

Hakukaa. Aliinama, akachukua jani moja, akalikunja, akalivunja kikonyo na kukinusa. Halafu akalitazama tena, kwa namna ya mtu aliyekutana na ndugu asiyetarajia kumkuta mjini.

— Hii imepata maji, alisema. Umeyatoa wapi?

Spana alifungua mdomo. Athanas akamuwahi.

— Ni majitaka ya mji, mama mkubwa. Yanatoka majumbani, yanasafishwa, ndiyo nalimia.

Kijiwe kizima kilishika vikombe. Athanas hakuinamisha kichwa.

— Kwetu, alisema Bernadeta polepole, maji ya mfereji yakikufikia, fungu la kwanza la mboga unampelekea jirani wa juu yako. Angetaka angeyamaliza, lakini amekuachia. Hapa wa juu yako ni nani?

Athanas alimtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa alimtazama Stambuli, naye Stambuli akachungulia ndani ya birika, ambalo halikuwa na kitu.

Spana akakohoa.

— Mama, nyumba yetu imeunganishwa na lile bomba la majitaka.

— Hata yetu, alisema Mheshimiwa. Na sisi ni wengi. Tunaoga asubuhi na jioni.

— Kuoga si kitu. Mke wangu anafua kila siku. Maji mengi pale ni ya kwetu.

— Ya kwenu yana mafuta ya pikipiki.

Athanas akainuka na kuanza kuwagawia mafungu ya figiri, mmoja baada ya mwingine. Spana, yeye asiyeigusa, alikataa la kwake akachagua kubwa zaidi, akalipakata.

Bernadeta aliwatazama wakigombea ukubwa huo. Kisha akafungua pindo la khanga.

— Shika, mwanangu, alisema. Una watu wengi juu yako. Maji hayatakukatikia.

Athanas alikipokea kibuyu kwa mikono miwili.